Kupisha Baridi Penye Joto

  

Leo nimekuja na kitenzi. Kitenzi kimoja tu, na wala si cha Kiswahili. Lakini kabla sijakitaja nina swali, na ninakuomba ulishike swali hili mpaka tutakapofika mbele.

Mwishoni mwa mwaka 1528 merikebu za Wareno ziliingia Mombasa kwa nguvu. Mkuu wao alikuwa Nuno da Cunha, mtu aliyekuwa njiani kwenda Bara Hindi kushika ugavana. Wakauteka mji, wakakaa humo mpaka miezi ya mwanzo ya mwaka 1529. Wewe uliyezaliwa Mombasa, au Tanga, au Unguja, unaijua miezi hiyo. Desemba, Januari, Februari. Kaskazi inavuma, jua linachoma, na usiku hata shuka nyepesi hutaki ikuguse. Sasa sikiliza. Kwa Kireno cha siku zile, kukaa kwa Nuno da Cunha pale Mombasa kuliitwa invernar. Na maana ya invernar ukiifuata mpaka kwenye mzizi wake ni kupisha majira ya baridi.

Kupisha baridi. Mombasa. Mwezi wa Januari. Baridi gani hiyo, msikilizaji?

Hilo ndilo swali letu la leo. Ili tulijibu, inabidi tuanze mbali kidogo. Twende Roma ya kale.

Warumi walikuwa na neno hiems, yaani majira ya baridi. Kutoka hapo wakapata hibernus, kitu cha majira ya baridi, na kutoka hapo kikatoka kitenzi chetu: hibernare. Nakirudia polepole: hi-ber-na-re. Kuyapitisha majira ya baridi mahali fulani. Asili yake ni ya kale zaidi ya Roma yenyewe. Neno la Kisanskriti hima, ambalo maana yake ni theluji, lina mzizi mmoja na hiems, na ndilo tunalolisikia kila tunapotaja milima ya Himalaya, makao ya theluji. Lakini hayo ya Himalaya tuyaache, tutapotea njia.

Nani hasa alikuwa akikitumia kitenzi hiki? Askari. Jeshi la Kirumi lilipigana wakati wa joto, nyasi zikiwepo za farasi, nafaka zikiwepo mashambani, njia zikiwa kavu. Baridi ikiingia, vita vilisimama. Askari walijenga kambi iliyoitwa hiberna, wakaweka akiba ya chakula, wakatengeneza viatu na silaha, wakangoja. Julius Caesar aliandika kitabu kuhusu vita vyake katika Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa na Ubelgiji, na ukikisoma utaona mwaka baada ya mwaka unaishia palepale: jeshi linapelekwa hiberna.

Na mwaka mmoja mambo yaliharibika. Ilikuwa mwaka 54 kabla ya Kristo. Kulikuwa na ukame, nafaka ilikuwa haba, na Caesar akaona hawezi kulisha vikosi vyote mahali pamoja. Akavigawa, kila kikosi kambi yake, mbalimbali. Kambi moja ilikuwa katika nchi ya watu walioitwa Waeburone. Kiongozi wao, Ambiorix, akaja kwa maneno matamu. Akawaambia maofisa wa Kirumi kwamba Gaul yote imeinuka, kwamba heri watoke waende kuungana na wenzao, naye atawapa njia salama. Wakatoka. Bondeni wakakuta wameviziwa, na kikosi karibu chote kikaangamia. Kosa lao lilikuwa nini? Waliiacha kambi yao ya baridi katikati ya baridi.

Unaona, msikilizaji, uzito wa neno lenyewe? Kwa askari yule, hibernare ilikuwa kujua kwamba sasa hakuna safari. Kaa. Kula kidogo kidogo. Linda mlango. Ngoja. Naomba ulishike neno hilo, kungoja, maana ndilo litakalotufikisha Mombasa.

Roma ikaanguka, Kilatini kikavunjikavunjika, kikazaa lugha nyingi. Mama akafa, watoto wakabaki, na kila mtoto akachukua kitenzi hiki akakitamka kwa ulimi wake. Nitawataja, sikiliza sauti zinavyofanana. Wahispania na Wareno wanasema invernar. Wakatalani wanasema hivernar. Wafaransa wanasema hiverner, na ile herufi ya kwanza hawaitamki. Waitalia wanasema svernare. Na Waromania, walio mbali kabisa upande wa mashariki, wamezungukwa na lugha za jamii nyingine, wanasema a ierna. Hapo katikati ya neno herufi b imeyeyuka kabisa, lakini ndilo lile lile. Kutoka pwani ya Ureno mpaka mdomo wa mto Danube, kitenzi ni kimoja.

Kuhusu Waitalia nina jambo dogo. Kile svernare chao kiliwahi kubeba maana mbili zinazopingana: kuyapitisha majira ya baridi, na pia kutoka katika majira ya baridi. Mshairi Dante alikitumia kwa maana hiyo ya pili kwenye sehemu ya Paradiso ya utenzi wake mkuu. Kalenda ya siku zake ilikuwa na hitilafu ndogo, kila mwaka ikichelewa kidogo sana nyuma ya jua, na Dante akaona kwamba ikiachwa hivyo, siku moja Januari yote itajikuta nje ya majira ya baridi. Kalenda hiyo ilikuja kusahihishwa mwaka 1582, zaidi ya miaka mia mbili na hamsini baada ya kifo chake.

Haya. Askari tumewaona. Baada yao kitenzi kilishikwa na nani? Na wachungaji.

Nchini Romania, karibu na mji wa Sibiu, chini ya milima ya Karpati, kuna vijiji vya wafugaji wa kondoo vinavyojulikana kwa pamoja kama Mărginimea Sibiului. Kwa karne nyingi wachungaji wa huko walipandisha kondoo milimani wakati wa joto. Majani yakianza kukauka na theluji ikinusa vileleni, waliwateremsha, wakatembea nao majuma kwa majuma, mbwa wakubwa wakiwa pembeni, punda wamebeba mizigo, mpaka nyanda za Danube na Dobrogea karibu na Bahari Nyeusi. Huko ndiko kondoo walikopisha baridi. Malisho yale ya baridi yana jina lake, iernatic, na humo ndani unakisikia kitenzi chetu.

Hispania vilevile. Mwaka 1273 Mfalme Alfonso wa Kumi aliwapa wafugaji wa kondoo chama chao chenye haki kubwa, kikaitwa Mesta. Kondoo aina ya merino walisafirishwa kutoka milima ya kaskazini kwenda Extremadura, upande wa kusini magharibi, kwenye njia zao maalumu ambazo mkulima hakuruhusiwa kuzilima. Malisho ya kupishia baridi yaliitwa invernadero. Sasa muulize Mhispania wa leo invernadero ni nini. Hatakutajia kondoo. Atakuonyesha kitalu nyumba, ile nyumba ya plastiki ambayo ndani yake tunaotesha nyanya na pilipili hoho. Mkoa wa Almería, kusini mwa nchi hiyo, umefunikwa na plastiki hizo eneo kubwa hata ukitazama kutoka angani unaona weupe mtupu. Na Wahispania wanapozungumzia gesi zinazoipasha dunia joto, hali hiyo wanaiita kwa neno hilohilo, invernadero. Kwa hiyo katika mikutano ya mabadiliko ya tabianchi, kila mjumbe wa Kihispania akisimama kuzungumza, malisho ya kondoo wa zamani yamo kinywani mwake.

Halafu kitenzi kikavuka bahari ya Atlantiki. Kule Argentina, kwenye mbuga za pampa, mfugaji akikuambia anafanya invernada, ana maana ya kunenepesha ng'ombe. Ananunua ndama waliokwisha kuachishwa ziwa, anawaweka kwenye malisho mazuri, wanaongeza uzito, anawauza. Mwezi wowote wa mwaka. Je, baridi imekwenda wapi? Imedondoka njiani. Kilichobaki ni kumweka mnyama mahali penye majani na kusubiri.

Mmeona? Narudia, kwa aliyechelewa kufungua redio. Tunazungumzia kitenzi cha Kilatini, hibernare, kupisha majira ya baridi. Kimekwenda na askari, kimekwenda na wachungaji, na kila kinapokwenda kinaangusha kitu. Sasa tuingie baharini, na hapa ndipo kinapokuja kwetu.

Wale mnaosoma Biblia mnaikumbuka safari ya Mtume Paulo kwenda Roma, katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Majira ya kusafiri yalikuwa yamekwisha. Paulo akawaonya, lakini nahodha na mwenye merikebu wakataka kujikaza mpaka Foinike, bandari ya Krete, wapishe baridi huko. Tufani ikawachukua, merikebu ikavunjikia Malta. Miezi mitatu baadaye wakaondoka kwa merikebu nyingine, ya Aleksandria, ambayo ilikuwa imekaa hapo kisiwani majira yote ya baridi. Bahari ya Mediterania wakati wa baridi ilikuwa kama duka lililofungwa: unaweza kugonga mlango, lakini ukifunguliwa ni kwa hasara yako.

Mabaharia wa Ureno walirithi desturi hiyo. Baharia wao akisema invernar, alikuwa na maana ya kutia nanga mahali salama mpaka bahari ifunguke tena. Kisha Vasco da Gama akalizunguka Bara la Afrika, akafika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, akapata rubani, na kusi ikamvusha mpaka Bara Hindi kwa wiki tatu hivi. Kurudi je? Hakungoja. Aliondoka kabla kaskazi haijatulia, na safari ileile ikamchukua karibu miezi mitatu, watu wake wakifa kwa kiseyeye. Alipofika tena Malindi mwezi wa Januari mwaka 1499 alikuwa na mabaharia wachache hata merikebu moja, São Rafael, ikabidi ichomwe moto katika pwani hii yetu kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Hapo Wareno wakajifunza jambo ambalo nahodha yeyote wa Lamu, wa Sur kule Omani au wa Gujarati angewaambia bure: Bahari ya Hindi ina zamu. Kaskazi hukuleta, kusi hukurudisha. Merikebu za Ureno ziliondoka Lisbon mwezi wa Machi au Aprili. Zikiwahi kufika Msumbiji kabla ya kusi kuisha, ziliendelea moja kwa moja mpaka Goa. Zikichelewa, basi. Upepo umegeuka, unavuma usoni. Lazima zikae miezi mitano, sita, saba.

Na hapo baharia wa Kireno alipotafuta neno la kukiita kikao hicho cha lazima, alichukua lile alilokuja nalo. Invernar. Mtu anatoka jasho, amevua shati, amekaa chini ya mwembe Kisiwa cha Msumbiji, na anasema anapisha baridi.

Naomba tukae kidogo kwenye kisiwa hicho. Ni kisiwa chembamba, urefu wake kama kilomita tatu tu, kiko karibu na bara. Hakina chemchemi ya maji matamu. Watu walikinga maji ya mvua kwenye mapaa na kuyahifadhi kwenye birika kubwa za mawe. Kwenye ncha ya kaskazini Wareno walijenga kanisa dogo mwaka 1522, na kuanzia mwaka 1558 wakajenga ngome kubwa ya São Sebastião. Lakini jengo ambalo kila merikebu iliyochelewa ililihitaji kwanza lilikuwa hospitali. Watu walishuka wamevimba ufizi, wana homa, wameishiwa nguvu baada ya miezi kadhaa baharini.

Mmoja wa waliopisha baridi hapo jina lake linajulikana duniani kote: Fransisko Ksaveri, yule padri Mjesuiti ambaye Wakatoliki wanamwita mtakatifu. Alitoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541 katika merikebu ya gavana mpya, Martim Afonso de Sousa. Walichelewa. Wakafika Msumbiji upepo umekwisha, wakakaa kama nusu mwaka. Ksaveri na wenzake wawili waliishi hospitalini wakiwahudumia wagonjwa, naye mwenyewe akaugua homa. Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1542, alikaa akawaandikia barua wenzake wa Roma, akawaeleza safari ilivyokuwa ngumu na wagonjwa walivyokuwa wengi. Hebu fikiri. Roma siku hiyo watu wamejifunika makoti mazito, wanaota moto. Barua ikija kuwafikia, wanapokea habari kwamba ndugu yao amepitisha majira ya baridi Msumbiji. Nani kati yao angeweza kujua kwamba ndugu yao alikuwa akifutafuta jasho?

Merikebu iliyomchukua ikaondoka mwishoni mwa Februari. Ikapita Malindi, na huko Ksaveri akazungumza na Mwislamu mmoja mwenye heshima, aliyemlalamikia kwamba katika misikiti 17 ya mji ule ni mitatu tu iliyokuwa ikiendewa, tena na watu wachache. Ksaveri aliyaandika hayo katika barua nyingine, ndiyo maana tunayajua. Nimeyaleta hapa kwa sababu moja: kungoja upepo kuliwakutanisha watu. Kama kila merikebu ingewahi, mabaharia wangeiona pwani hii kwa mbali tu na kupita.

Lakini kukutana hakukuwa kwa heri siku zote. Turudi kwa Nuno da Cunha pale Mombasa. Yeye hakuomba kupishia hapo, aliupiga mji akaingia. Wenyewe wakahama, wakawa wakimshambulia kutoka nje. Ndani ya mji homa ikawaingia Wareno, wakafa kwa mamia. Upepo ulipogeuka na ikawa lazima waondoke, waliutia mji moto. Hiyo ndiyo invernar ya Mombasa ya mwaka 1528 na 1529. Na wenyeji wa Mombasa walirudi wakajenga tena.

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Baridi gani hiyo, Mombasa, Januari?

Tufikiri pamoja. Mtu wa kusini mwa Ulaya, wa Ureno, wa Hispania, wa Italia, majira yake ya baridi yana mambo matatu kwa mpigo. Kwanza ni baridi yenyewe. Pili ni mvua, kwa sababu kwenye nchi za Mediterania mvua hunyesha zaidi wakati wa baridi, na wakati wa joto ni ukavu. Tatu ni kusimama: merikebu hazisafiri, jeshi halipigani, kondoo wameteremka. Baridi, mvua, kungoja. Mambo matatu, neno moja. Kule kwao hayatengani, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuyatenganisha. Walipofika nchi za joto ndipo neno likapasuka.

Nchi nyingine zikachukua mvua. Nenda Costa Rica, nenda Nikaragua, uliza invierno ni lini. Watakuambia ni kuanzia Mei mpaka Novemba, kwa sababu ndipo mvua inaponyesha. Nao wako kaskazini ya ikweta kama Hispania. Yaani mwezi wa Julai mtu wa Madrid anasema yuko katikati ya majira ya joto, na ndugu yake wa Costa Rica, kwa lugha ileile, kwenye simu ileile, anasema yuko katika majira ya baridi. Wote wawili wamesema kweli. Nenda Senegal au Mali. Mkulima anayezungumza Kifaransa atakuambia anapanda mtama wakati wa hivernage, yaani masika yao, kati ya Juni na Oktoba, wakati ambapo ardhi inatokota na jasho halikauki. Nenda Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, nchi ya ukame. Huko mkulima akisema mwaka huu tuna inverno nzuri, ana maana mvua imekuja. Wanaitazama siku ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi: mvua ikinyesha siku hiyo, matumaini ya mavuno yapo.

Hata Goa, Wareno waliita inverno ile miezi ya mvua kubwa, Juni mpaka Septemba, mawimbi na mchanga vinapoufunga mlango wa mto na hakuna chombo kinachoingia wala kutoka.

Na Mombasa? Mombasa mwezi wa Januari hakuna baridi. Mvua nayo hakuna, vuli imekwisha na masika bado. Katika yale mambo matatu, mawili yameanguka baharini. Limebaki la tatu peke yake. Kungoja. Hiyo ndiyo baridi aliyoipisha Nuno da Cunha, msikilizaji. Na kwa maoni yangu hapo ndipo tunapouona moyo wa kitenzi hiki. Watu husema maneno ya majira yamezaliwa na hali ya hewa. Mimi nasema yamezaliwa na kazi. Askari, mchungaji, baharia, mkulima: kila mmoja alikuwa na kazi yake ya kusimamisha, na neno likaifuata kazi mpaka mahali ambapo baridi haijawahi kukanyaga.

Jambo moja la haraka kuhusu Wafaransa, kwa sababu wanafunzi wa Kifaransa huchanganyikiwa. Wao wana vitenzi viwili kutoka mzizi huu. Hiverner ni kile kilichopitia vinywa vya watu, na hiberner ni kile ambacho wasomi walikitoa baadaye moja kwa moja kwenye Kilatini cha vitabuni. Hiberner ni kulala usingizi ule mzito wa wanyama kama marmota, mnyama wa jamii ya kindi anayeishi kwenye milima ya Alpi. Huyo huingia shimoni karibu nusu mwaka, mwili ukapoa, moyo ukapiga mara chache sana kwa dakika. Hiverner ni kukaa macho. Mwaka 1898 meli ya Kibelgiji iitwayo Belgica, chini ya Adrien de Gerlache, ilinaswa na barafu katika bahari ya Antaktika, ikakaa humo mwaka mzima na zaidi. Wao ndio wa kwanza kupisha majira ya baridi ndani ya barafu ya huko. Jua lilipotea kabisa zaidi ya miezi miwili. Walikula nyama ya pengwini na sili ili kiseyeye kisiwamalize. Ndani ya meli hiyo alikuwamo mwanasayansi mmoja Mromania, Emil Racoviță. Wenzake Wabelgiji wakisema hiverner, kwa lugha yake ni a ierna. Vitenzi hivi vya jamaa moja vikakutana tena, baada ya karibu miaka elfu mbili, mahali ambapo hakuna Mrumi aliyewahi kupaota.

Na leo? Leo kitenzi kimebaki sana kwa ndege. Korongo weupe wanaojenga viota juu ya nguzo za umeme kule Romania huondoka mwishoni mwa Agosti. Wanavuka Bosporus, wanapita Mashariki ya Kati, wanafuata bonde la Nile, na wengi wanatua kwetu. Ukienda Serengeti kati ya Novemba na Machi utawaona wamejipanga kwenye majani mafupi, miguu mirefu myekundu, wanaokota panzi na viwavijeshi. Mwanakijiji wa Romania akikitazama kiota kitupu, kimejaa theluji, anasema korongo wake wanapisha baridi Afrika. Nasi tunawatazama, tunajifuta jasho.

Msikilizaji, kipindi kinaelekea ukingoni, na nina ombi. Ombi hili ni kwa walioko Lamu, Pate, Mombasa, Tanga, Pemba, Unguja, Bagamoyo, Kilwa, Mikindani, na kwa jamaa zetu walioko Sur na Maskati. Pwani yetu nayo ilikuwa na kungoja kwake. Kusi ilipokuwa kali, jahazi lilipandishwa pwani, likatiwa kalafati upya, likapakwa shahamu, na mabaharia wakakaa mjini miezi. Wengine walioa katika kungoja huko, na wengi wetu ni wajukuu wa ndoa hizo. Sasa vyombo vingi vina injini, na ni nadra mtu kusubiri upepo. Wazee waliowahi kusubiri wanaondoka mmoja mmoja, na maneno yao ya kazi ile wanaondoka nayo.

Basi kama nyumbani kwenu yuko babu aliyewahi kuwa nahodha, serahangi au baharia wa kawaida, usingoje mwaka kesho. Kaa naye jioni hii au kesho. Washa simu yako, mrekodi. Muulize: mlipokwama ugenini mkisubiri upepo, kukaa huko mlikuitaje? Mlikula nini? Nani aliwalipa? Siku ya kuondoka mliijuaje? Mwache aseme kwa lafudhi yake, usimsahihishe. Kisha peleka nakala kwa mwalimu wa Kiswahili wa shule iliyo karibu nawe, ili isibaki kwenye simu moja ambayo itaanguka majini.